Maneno ya Kiingereza ya hisia, vitendo na tabia: anza na watu unaowajua

Mchana nauza mitumba soko la Kibuye, hapa Kisumu. Jioni nafundisha Kiingereza watoto wa majirani nyumbani kwangu Nyalenda. Linaloniuma ni hili: mtoto anaweza kutaja kwa Kiingereza kila kitu kilicho sokoni, lakini mwambie aeleze nyanya yake ni mtu wa namna gani, ataandika "good" kisha kalamu inasimama.

Nami nilikuwa hivyo. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa mahojiano ya kazi mjini, nikaulizwa nijieleze. Nilitaka kusema kwamba nikishika jambo siliachi. Neno lililonijia likawa "stubborn", yaani mkaidi. Mama aliyekuwa akiandika aliinua macho, akanitazama, akarudi kwenye karatasi yake. Nilichokusudia ni "determined". Kazi sikuipata, na kesho yake nikanunua daftari la kurasa 96.

Daftari hilo ndiyo njia ninayokupa. Kila ukurasa mpe mtu mmoja unayemjua: shangazi, jirani, mwendesha boda anayekubeba kila siku. Juu andika sifa moja tu. Chini yake andika tendo ulilomwona akilitenda, likakufanya umpe sifa hiyo. Ukurasa wangu wa kwanza ni "generous", na chini nimeandika jinsi mama mboga wa kibanda cha pili alivyonifungia sukuma wiki siku ambayo sikuwa nimeuza hata shati moja, akakataa hata nimlipe baadaye. Neno hilo sijalisahau hata siku moja, kwa sababu lina uso.

Kwenye sifa, jihadhari na maneno mapacha. Tendo ni lilelile, ila neno moja linasifu na jingine linalaumu. Anayetunza shilingi yake kwa busara ni "thrifty". Anayeibana hata mtoto akilala njaa ni "stingy". Sisi pia tunatofautisha mwekevu na bahili, kwa hiyo usiandike neno la Kiingereza kabla hujajiuliza kama kwa Kiswahili unamsifu mtu huyo au unamsema. "Proud" ndilo gumu zaidi maana linabeba yote mawili. "I am proud of you" ni kumwambia mtoto najivunia wewe, lakini ukisema tu "he is a proud man", wengi watasikia kiburi.

Sasa hisia. Hapa Kiswahili chako ni mtaji, usikiache mlangoni. Tuna kuchoka na kuchosha, kushangaa na kushangaza, kuudhika na kuudhi. Kiingereza nacho kina "tired" na "tiring", "surprised" na "surprising", "annoyed" na "annoying". Anayepatwa na hisia huchukua "-ed". Kinachoileta huchukua "-ing". Kijana mmoja wa gredi ya 8 aliniandikia "I am boring", akieleza likizo yake. Nikamuuliza, "Wewe unachosha watu, au umechoshwa?" Alikaa kimya, akachukua kifutio, akafuta ile "-ing" mwenyewe. Sikuongeza neno.

Kuna mahali pawili Kiswahili kitakukwaza. Kwanza, sisi tunasema nimekasirika, kitenzi kimoja kimemaliza kazi; Kiingereza kinataka "am" mbele ya "angry". Pili, tunasikia njaa na tunasikia baridi, lakini "hear" ni ya masikio peke yake. Sema "I am hungry", "I feel cold".

Kisha zipange hisia kwa ukali wake. Mimi hutumia kibanda changu. Mteja akivuruga nguo zote nilizokunja akaenda bila kununua, niko "annoyed". Akirudi kudai sikumpa chenji na nilimpa mbele ya watu, niko "angry". Siku niliyokuta mzigo umekatwa kwa wembe na suruali nzuri zote zimechukuliwa, nilikuwa "furious", mikono ikitetemeka. Wewe tafuta ngazi zako tatu mahali unapofanyia kazi. Fanya vivyo hivyo na furaha: "pleased", "happy", "overjoyed". Wivu nao ugawe: ukitamani alicho nacho mwenzako uko "envious", ukiogopa kunyang'anywa mtu au kitu chako uko "jealous". Wazungumzaji wengi huyachanganya, lakini kwenye insha kutofautisha kunapendeza.

Vitendo usivisome ukiwa umekaa ndani. Jumapili Kibuye hufurika, nami huwapeleka watoto wasimame pembeni dakika kumi, waandike watu wanatembeaje. Neno "walk" nimelipiga marufuku. Msukuma mkokoteni, mvua imenyesha, miguu inazama kwenye tope: "trudge". Msichana mwenye viatu vyeupe anayekanyaga kwa ncha za vidole: "tiptoe". Mlevi anayeyumba: "stagger". Mwenye kiatu kinachomuumiza mguu mmoja: "limp". Wapenzi wasio na haraka: "stroll". Wiki inayofuata ni macho: "glance" ni kutupa jicho, "stare" ni kukodoa, "glare" ni kukodoa kwa hasira. Angalia jinsi "glare" ilivyobeba tendo na hisia pamoja. Neno kama hilo linakuokoa sentensi nzima.

Matano kwa wiki yanatosha. Yarudie kesho yake, siku ya tatu, na Jumapili, ukifunika neno na kusoma tendo peke yake hadi neno lije lenyewe. Na yaseme kwa sauti.

Juzi binti wa miaka kumi na mmoja alinifungulia ukurasa wa nyanya yake. Juu ameandika "patient". Chini: nyanya huchambua omena moja moja kwenye ungo, akitoa mchanga, na mimi nikimwaga huanza tena bila kunigombeza.