Pima ethanoli kabla ya kujaza Benz ya zamani

Kwa wenye Mercedes W124 (Benz ya miaka ya 1980 na 1990) na rika lake hapa Kampala: kabla ya kujaza tangi kwenye kituo usichokijua, tia maji mililita 10 kwenye chupa nyembamba ya kioo yenye alama, ongeza petroli 90. Funga, tikisa, acha dakika 10. Maji yakibaki 10 chini, ethanoli (pombe inayochanganywa kwenye petroli) haipo. Yakikaribia 20, ni takriban asilimia 10. Ethanoli hupenda maji kuliko petroli, kwa hiyo huhamia huko. Mabomba ya mpira ya kupitisha mafuta ya enzi hizo ndiyo huumizwa na ethanoli, hasa gari likilala wiki nyingi. Ethanoli kidogo sana hutaiona, na oktani (uwezo wa petroli kutolipuka mapema ndani ya injini) jaribio hili haliipimi kabisa. Fanyia nje, mbali na sigiri!