SOMO: Mah-jongg ya Kimarekani kwa anayeanza kwenye makazi ya wastaafu

Kila mwenzetu akihamia makazi ya wastaafu hapa Marekani, au akimhamishia mzazi wake huko, haipiti wiki ananiandikia faragha: "Dada, hawa kina mama wa chumba cha michezo wanacheza nini, na mimi nitawezaje kukaa nao?" Nimejibu hilo mpaka vidole vimechoka. Mchezo wao ni mah-jongg: unakusanya kete, yaani vipande vidogo vyenye michoro, hadi zilingane na mpangilio mmoja uliochapwa kwenye kadi. Leo naliweka lote hapa. Ukiniuliza jambo ambalo limo humu, nitakutajia namba ya hatua, basi.

Kwanza mjue hili: ugumu hauko kwenye kete. Zile herufi za Kichina zinakutisha jioni ya kwanza tu, na kete zenye herufi zina namba ya kawaida pembeni. Ugumu uko kwenye kadi. Mpe mgeni muda wa kuisoma kadi na atacheza. Mnyime muda huo, hatarudi tena mezani, na huko ndiko tunakopoteza watu.

Hatua ya 1. Watu wanne, meza ya mraba, kila mmoja na kibao cha kusimamishia kete zake.

Hatua ya 2. Zifahamu kete. Zote ni 152. Kuna aina tatu zenye namba 1 hadi 9, yaani mianzi, herufi na duara, na kila namba ina kete nne. Hizo ni 108. Kuna pepo nne za Mashariki, Kusini, Magharibi na Kaskazini, kete nne kila mmoja. Kuna majoka matatu: jekundu, la kijani na jeupe, nayo nne nne. Maua ni 8, jokeri 8. Moja ya mianzi huchorwa ndege, usiichukulie kuwa ua. Joka jeupe mara nyingi ni fremu tupu, na wenyewe wanaliita "sabuni". Namba zilizoandikwa kwenye maua hazina kazi. Ua ni ua.

Hatua ya 3. Pata kadi ya mwaka huu. Hutolewa kila mwaka na National Mah Jongg League, chama kilichoanzishwa New York mwaka 1937, na mikono inayoruhusiwa kushinda, yaani mipangilio ya kete 14, ni ile iliyochapwa humo tu. Ipo ya maandishi makubwa. Agiza hiyo hata kama unajiona una macho ya kijana.

Hatua ya 4. Isome kadi kabla hujagusa kete. Hapa kuna kosa ambalo kila mgeni hulifanya. Kadi imechapwa kwa rangi tatu, na rangi hizo HAZITAJI aina ya kete. Kijani si mianzi. Nyekundu si herufi. Rangi inakwambia idadi ya aina tu: mkono wa rangi moja unaujenga kwa aina moja yoyote uitakayo, wa rangi mbili kwa aina mbili tofauti, wa rangi tatu kwa aina zote tatu. Kisha alama: F ni ua, D ni joka, 0 ni joka jeupe, na N, E, W, S ni pepo. Kila joka lina aina yake: jekundu na herufi, la kijani na mianzi, jeupe na duara. Pembeni kuna pointi pamoja na X au C. X maana yake unaruhusiwa kuchukua kete zilizotupwa na kuyaweka makundi (kete tatu au zaidi zinazofanana) wazi. C maana yake mkono wote unafichwa mpaka mwisho, na kete pekee unayoweza kuichukua mezani ni ile ya kukushindisha.

Hatua ya 5. Jengeni ukuta. Kila mtu kete 19 kwa urefu, ghorofa mbili. Mashariki, yaani mchezaji anayeanza, anarusha dadu na kuukata ukuta wake. Kila mmoja anachukua nne nne mara tatu, kisha moja, Mashariki mbili. Mashariki anabaki na 14, wengine 13.

Hatua ya 6. Charleston, yaani kupeana kete tatu tatu kabla mchezo haujaanza. Raundi ya kwanza ni lazima: kulia, mbele, kushoto. Raundi ya pili inarudi ilikotoka: kushoto, mbele, kulia, nayo haifanyiki mtu yeyote akikataa. Mwishoni unaweza kubadilishana na aliye mbele yako kete hadi tatu, mkikubaliana. Jokeri haipitishwi kamwe.

Wakati huu usitafute mkono, tafuta sehemu ya kadi. Una namba shufwa nyingi? Baki sehemu ya shufwa. Ukikazania mkono mmoja mapema utatoa kete ambazo baada ya dakika mbili utazililia.

Hatua ya 7. Cheza. Vuta kete ukutani, tupa moja, taja kwa sauti ulichotupa. Zamu inakwenda kulia.

Hatua ya 8. Jokeri. Naandika kwa kirefu kwa sababu mkono wangu uliwahi kufia hapa. Jokeri inaziba pengo kwenye kundi la kete tatu au zaidi zinazofanana. HAIINGII kwenye jozi. HAIINGII kwenye kete ya peke yake, na neno NEWS kwenye kadi ni kete nne za peke yake, si kundi la nne. Ukiweka jokeri hapo na kutangaza ushindi, mkono wako unatangazwa mfu: unakaa kimya ukiwatazama wenzako wakimaliza. Jokeri iliyotupwa hakuna anayeichukua. Lakini jokeri iliyo kwenye kundi lililowekwa wazi, liwe lako au la mwenzako, unaweza kuitoa katika zamu yako kwa kuweka kete halisi mahali pake. Kila ukivuta, tazama kwanza vibao vya wote. Wageni hukosa jokeri za bure kwa sababu macho yao yamekwama kwenye kibao chao.

Hatua ya 9. Hesabu kete zako baada ya Charleston na mara kwa mara baadaye. Zikizidi au zikipungua, mkono umekufa.

Hatua ya 10. Mkono ukikamilika, tangaza mah-jongg na uufungue wote.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni wa Jumanne: Nilipata jokeri tatu, nikampa jirani moja kwenye Charleston wakanigombeza. Kwa nini?
Jibu: Hatua ya 6, sentensi ya mwisho ya aya ya kwanza.

Baba Pacha: Somo refu sana. Huwezi kutupa kwa kifupi jinsi ya kushinda?
Jibu: Kwa kifupi, soma kadi. Kwa kirefu, hatua ya 4.

Mjukuu: Shikamoo dada. Bibi yangu anataka kujua, je, akitupiwa kete inayokamilisha jozi yake aichukue?
Jibu: Marahaba mwanangu. Aichukue ikiwa tu inamaliza mkono wake wote. Vinginevyo aiache ipite, hata kama inamuuma. Kete ya kujenga kundi la tatu au zaidi anaweza kuichukua kabla zamu haijamwondokea, lakini kundi hilo lazima aliweke wazi juu ya kibao, na kuanzia hapo kila mtu ataanza kuusoma mkono wake. Mwambie bibi swali lake ni la mtu aliyekwisha kuielewa kadi.

Mzee wa Veranda: Jirani yangu Mchina anacheza kwa kete 144, hana jokeri wala kadi. Nani kati yenu anakosea?
Jibu: Hakuna anayekosea, mzee wangu, na nashukuru umeuliza. Mchezo ulizaliwa China karne ya 19. Mmarekani mmoja, Joseph Park Babcock, aliyefanya kazi huko, aliandika kanuni zilizorahisishwa, na miaka ya 1920 Marekani nzima ikaupenda. Baadaye kila mji ukawa na kanuni zake, ndipo League ikaundwa kuziweka sawa. Jirani yako anajenga mfuatano kama 3-4-5, ambao kwetu si kundi la kuchukulia kete mezani. Omba akufundishe wa kwake. Utajua kusoma kete zilizotupwa kuliko sisi tunaoitegemea kadi.

Mgeni wa Jumanne: Sikuwa mzembe, mstari ule haukuonekana vizuri.
Jibu: Umo. Wenzako wameuona. Ukisharudia kuusoma, rudi na swali lolote, nitajibu.

Mama Zawadi: Mwenye kushinda analipwa na nani?
Jibu: Aliyemtupia kete ya ushindi analipa mara mbili ya pointi za mkono, wengine mara moja. Akiivuta mwenyewe ukutani, wote watatu wanalipa mara mbili. Wengi hucheza kwa senti, na meza nyingine bila pesa kabisa. Uliza kabla ya kukaa.

Mjukuu: Bibi ana baridi yabisi mikononi, na kishindo cha kete kinamsumbua kwenye kifaa cha masikio.
Jibu: Tandikeni kitambaa kizito mezani, kishindo kitapungua sana. Ukuta ajengewe na jirani, hakuna kanuni inayokataza. Akae kwenye mwanga, mgongo ukielekea ukuta wa chumba, ili sauti zote zimjie kutoka mbele. Na awaombe wataje kete kwa jina kamili, "tano ya duara", si "tano" tu.

Baba Pacha: Nimesoma. Kadi ya mwaka jana nitupe?
Jibu: Usitupe. Fanyia mazoezi nyumbani: gawa kete 13 peke yako, tafuta sehemu tatu zinazokaribia, rudisha, gawa tena. Meza rasmi ndiyo inayodai kadi mpya.