Namna ya Kuipa Bahati Nafasi ya Kukufikia
Ukitafuta kazi, anza na watu unaoonana nao kwa nadra, kwa kuwa marafiki wa karibu mara nyingi wanajua yale yale unayoyajua wewe. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilieleza jambo hili mwaka 1973. Mpigie simu uliyesoma naye zamani, umjulie hali kwanza, kisha utaje kazi mahususi unayoiweza: “natafuta kibarua chochote” husahaulika upesi, ilhali “ninashona sare za shule” hukumbukwa siku mwalimu mkuu anapoulizia fundi. Ukialikwa harusini au kwenye kikao cha mtaa, nenda, hata kama umechoka. Namba ngeni nayo ipokee, ila anayedai ada ili akupatie kazi mkatae papo hapo.