Namna ya Kutazama Filamu za Waongozaji Mashuhuri na Kuwa na Maoni Yako

Anayeketi kutazama filamu iliyosifiwa kwa miaka sabini huwa amekwisha kutishwa na sifa hizo: ama ataisifu asionekane hajui, ama ataiponda kwa ukaidi tu. Kwa hiyo, weka kando uhakiki wote hadi utakapomaliza kutazama. Jina la mwongozaji, nchi yake na mwaka wa filamu vinatosha. Mwaka hasa usiusahau, kwa kuwa mbinu iliyokuwa ngeni wakati ule huenda leo imeigwa hata ikachosha.

Zima simu, kisha anza mwanzo kabisa. Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960, alitaka mtu yeyote asiruhusiwe kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza, nami naona alikuwa na haki. Ikiwa lugha ni ngeni kwako, chagua sauti za waigizaji wenyewe pamoja na tafsiri ya maandishi, maana sauti iliyopachikwa na mtu mwingine humpokonya mwigizaji nusu ya kazi yake.

Mara ya kwanza fuata hadithi tu. Baadaye rudia kipande kifupi ukiwa umezima sauti, ujiulize kamera imewekwa wapi na inakataa kuonyesha nini. Katika Ladri di biciclette (yaani “Wezi wa Baiskeli”), filamu ya Kiitalia ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, mke anaweka rehani mashuka ya nyumbani ili baiskeli ya mumewe ikombolewe, kwani bila baiskeli hiyo mume hapati kazi. Mtumishi wa duka la rehani analichukua lile furushi la mashuka, anaanza kupanda rafu, na tunamtazama akipanda, akizidi kupanda, huku mafurushi ya mashuka ya watu wengine yakiwa yamerundikwa kumzunguka hadi juu kabisa. Hakuna anayehutubia kuhusu umaskini. Rafu ile imekwisha kutuambia kwamba shida ya nyumba moja ni shida ya mji mzima. Lamberto Maggiorani, aliyeigiza kama mume, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na kwa maoni yangu hakuna mwigizaji wa kulipwa ambaye angeweza kuubeba unyonge ule bila kuupamba.

Unapotoa maoni, taja ulichokiona, kwa kuwa neno “nzuri” halimsaidii mtu. Nilipotazama Tokyo Monogatari (yaani “Hadithi ya Tokyo”), filamu ya Kijapani ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953, inayohusu wazee wawili wanaowatembelea watoto wao mjini, kwa mara ya kwanza nilisinzia (nakiri bila aibu). Niliporudia ndipo nilipotambua kwamba kamera, ambayo karibu haisogei kabisa, imewekwa chini, kama macho ya mtu aliyeketi mkekani pamoja na wazee wale. Tangu hapo sioni tena kwamba filamu ile ni ya polepole. Citizen Kane ya Orson Welles, ya mwaka 1941, bado naiheshimu kuliko ninavyoipenda, ingawa onyesho la mama anayetia saini hati za kumkabidhi mwanawe kwa watu wa benki, huku mtoto akionekana kwa mbali dirishani akicheza kwenye theluji, sijaona linalolizidi.

Anayeanza na aanze na De Sica, ambaye hahitaji zaidi ya saa moja na nusu hivi. Shichinin no Samurai (yaani “Samurai Saba”), filamu ya Kijapani ya Akira Kurosawa, yenye dakika 207, ingoje siku ya mapumziko.