Jinsi ya kuomba FAFSA: kwa mzazi mwenye mtoto wa darasa la 12 Marekani

Kila ikifika Oktoba, shule za sekondari za Marekani hutuma ujumbe nyumbani: FAFSA imefunguliwa. Wazazi wengi tuliokuja kutoka Kongo, Burundi au kambi za Tanzania na Kenya huusoma, kisha humwachia mtoto, maana ndiye anayejua Kiingereza na ndiye mwenye kompyuta. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. FAFSA ni ombi la msaada wa fedha za chuo kutoka serikali kuu. Mwombaji ni mtoto, lakini sehemu kubwa ya maswali inamhusu mzazi, na mzazi asipoingia kwa akaunti yake mwenyewe na kuridhia, mtoto hapati hata senti ya fedha hizo. Kwa hiyo mwongozo huu ni wako wewe baba au mama.

Kwanza kabisa, kuomba ni bure. Tovuti ni studentaid.gov, na hiyo .gov mwishoni iangalie vizuri. Wapo watu wanaojitolea "kukujazia" kwa malipo. Unalipia kitu ambacho kaunsela wa shule hukifanya bure, na unamwachia mgeni namba za soshali (Social Security) za nyumba nzima.

Lini

Sheria inataka fomu ifunguliwe ifikapo tarehe 1 Oktoba, mwaka mmoja kabla ya mtoto kuanza chuo. Kodi zinazoangaliwa ni za miaka miwili nyuma: anayeanza chuo vuli ya 2026 hupimwa kwa kodi ya 2024, na wa vuli ya 2027 hupimwa kwa kodi ya 2025. Maana yake, kodi uliyowasilisha mtoto akiwa darasa la 11, kwa kipato cha mwaka uliotangulia, ndiyo itakayoangaliwa. Kama kuna mwaka hukuwasilisha na ulipaswa, shughulikia hilo sasa.

Mwisho wa serikali kuu ni 30 Juni ya mwaka wa masomo wenyewe unapoishia, tarehe ya mbali kiasi cha kudanganya. Majimbo na vyuo vina tarehe zao, za mapema zaidi. California hutaka fomu iwe imefika 2 Machi. Illinois na Kentucky hugawa ruzuku ya jimbo mpaka mfuko unapokwisha, basi anayejaza Oktoba na anayejaza Aprili hawako sawa hata kama kipato chao ni kimoja.

Ulizia pia sera ya shule. Texas na Illinois zimeifanya FAFSA kuwa sehemu ya masharti ya kuhitimu: ama mtoto ajaze, ama isainiwe fomu ya kujitoa. Shule ikikuletea karatasi ya kujitoa, usiisaini kwa sababu tu kila mzazi kwenye foleni anasaini. Hiyo ni karatasi ya kusema hamtaki kuomba. Na ukiitwa shuleni kwa jambo hili, omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla. Shule za umma zinatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani halipwi na wewe. Mtoto asiwe mkalimani wa mambo yake mwenyewe. Atatafsiri anayopenda usikie.

Hatua ya kwanza: karatasi mezani, kompyuta ikiwa bado imezimwa

Toa kadi ya soshali ya mtoto, Green Card au I-94 yake (karatasi ya kuingilia nchini), na zako. Ziweke pamoja, usome jina herufi kwa herufi.

Majina yetu yana kawaida ya kuruka. Kambini mtoto aliandikishwa kwa jina la babu likiwa mbele, shuleni limehamia nyuma, kwenye kadi ya soshali jina la tatu limekatwa. Kwenye FAFSA jina sahihi ni lile la kadi ya soshali, kama lilivyoandikwa, hata likiwa na kosa. Fomu hulinganishwa na kumbukumbu za Social Security, na visipolingana, akaunti haithibitishwi.

Tarehe ya kuzaliwa ndivyo hivyo hivyo. Tunajua sote nyumba ambazo baba, mama na watoto wanne wamezaliwa tarehe 1 Januari. Mtoto wa darasa la 12 anayejua alizaliwa msimu wa mvua hujisikia vibaya kuandika uongo, basi anaandika tarehe aliyoambiwa na bibi. Fomu inakataa. Hapa andikeni 1 Januari. Mkitaka kuirekebisha, anzieni kwenye karatasi za uhamiaji na Social Security, na hilo ni jambo la miezi mingi. Lisisimamishe ombi la chuo.

Angalia pia uraia. Kama uliapa kuwa raia wa Marekani mtoto akiwa chini ya miaka 18, ana Green Card na anaishi nawe, kwa sheria ya mwaka 2000 naye amekuwa raia siku ile ile, bila kuapa. Watoto wengi hawalijui hili, hujaza kama wageni. Ila ofisi ya Social Security haipati habari hiyo yenyewe. Nenda nayo pasipoti au cheti cha uraia cha mtoto wabadilishe kumbukumbu, la sivyo fomu itarudi na swali. Asiye raia lakini ana Green Card, au aliingia kama mkimbizi, anaomba pia. Anaandika namba yake ya uhamiaji yenye tarakimu 9, ile inayoanza na A kwenye karatasi nyingi.

Hatua ya pili: nani ni mzazi

Hapa ndipo fomu na sisi tunapoachana njia. Kwetu baba mdogo ni baba, na mama mkubwa aliyekulea ni mama, hakuna mjadala. FAFSA inamtambua mzazi aliyezaa, mzazi aliyeasili mtoto kisheria, na mume au mke wa sasa wa mzazi huyo. Mjomba, shangazi, bibi, kaka mkubwa aliyekuja na wadogo zake kutoka kambi ya Nyarugusu: hakuna hata mmoja kati yao aliye mzazi kwa fomu hii, hata kama ndiye aliyemsomesha tangu chekechea na ndiye anayesaini karatasi zote za shule. Wasijaze kama wazazi. Wakijaza, chuo kitagundua na kila kitu kitaanza upya.

Basi mtoto wa namna hiyo afanyeje? Inategemea.

Kama wazazi wote wawili walifariki, anajibu ndiyo kwenye swali la yatima. Swali linasema tangu alipofikisha miaka 13, na linawahusu pia waliofiwa wakiwa wadogo kuliko hapo, mradi walipofika 13 hawakuwa na mzazi aliye hai wala hawakuasiliwa. Huyo huhesabiwa anajitegemea, na maswali ya mzazi hayamhusu. Kama mahakama ya jimbo ilimpa mtu ulezi wa kisheria, vilevile anajitegemea. Karatasi ya UNHCR inayosema mtoto yuko chini ya shangazi yake haihesabiki kama amri ya mahakama.

Kama wazazi wako hai lakini walipotezana vitani, au wamebaki nje na hawafikiki, fomu ina swali kuhusu hali zisizo za kawaida zinazomzuia mwanafunzi kutoa habari za wazazi. Ukimbizi na kutenganishwa na wazazi vimetajwa humo kwa jina. Mtoto akijibu ndiyo, fomu inapita kwa muda bila mzazi, kisha ofisi ya msaada wa fedha ya chuo ndiyo huamua. Watataka ushahidi, kwa hiyo uandae mapema: I-94, barua ya shirika lililowapokea, barua ya kaunsela au mchungaji au imamu anayeijua familia. Mtoto asingoje kuitwa. Aandikie ofisi hiyo wiki ile ile aliyotuma fomu.

Wazazi wanaoishi pamoja huingia wote wawili, wawe na cheti cha ndoa au walioana kwa mahari na wazee tu. Kama wameoana kisheria na walipeleka kodi kwa pamoja, mmoja anatosha kuingia kwenye fomu. Kama wametengana na hawaishi pamoja, anayejaza ni yule aliyetoa fedha nyingi zaidi kumtunza mtoto katika miezi 12 iliyopita, na kama ameoa au kuolewa tena, mwenzi wake naye anahesabiwa. Baba wa kambo hukasirika sana hapa. "Si mwanangu, kwa nini waone mshahara wangu?" Kuweka habari zake kwenye fomu hakumfanyi adaiwe karo. Mwambieni hivyo kabla ya siku ya kujaza, msimwambie mbele ya kompyuta.

Na kama mwenzi wa ndoa bado yuko kambini anangoja kesi yake ya uhamiaji? Ndoa bado ni ndoa. Mtu asiye na namba ya soshali anaweza kufungua akaunti, na anwani ya nje ya Marekani inakubalika, ila kwa mtu wa Kigoma mwenye simu ya vibonyezo ni shughuli. Pigieni ofisi ya msaada ya chuo mkaeleze hali ilivyo kabla ya kukwama.

Hatua ya tatu: akaunti

Mtoto anafungua yake, mzazi yake. Barua pepe mbili tofauti, namba mbili za simu. Kosa ninaloliona zaidi ni mtoto kutumia barua pepe yake kwa wote wawili; mfumo unakataa, au unakubali nusu na kuja kumfungia mama nje mwezi mmoja baadaye. Barua pepe ya shule nayo isitumike, hufungwa akishahitimu. Andika jina la mtumiaji na nywila kwenye daftari la nyumbani, kwa mkono. Utavihitaji tena mwakani.

Hatua ya nne: kujaza

Mtoto anaanza, anajibu sehemu yake, kisha anakualika kwa barua pepe. Unaingia kwa akaunti yako, si yake. Swali zito la mwanzo ni la ridhaa: unakubali mamlaka ya kodi, IRS, itume taarifa zako moja kwa moja? Wengi wetu hapa mkono husita, maana tumetoka mahali ambapo kuipa serikali habari zako hakujawahi kuleta heri. Lakini ukikataa, mtoto amekosa msaada wote wa serikali kuu papo hapo. Kuridhia kunatakiwa hata kwa ambaye hakuwasilisha kodi.

Mengine huenda haraka. Kama mtu yeyote nyumbani alipata stampu za chakula, Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) au chakula cha bure shuleni katika miaka miwili iliyopita, weka alama. Mara nyingi hukuondolea maswali ya mali. Nyumba unayoishi haihesabiki kama mali, ila kiwanja cha Bukavu ukiulizwa ni mali. Idadi ya familia huchukuliwa kwenye kodi, na kama imebadilika unairekebisha: mpwa anayeishi kwako na unayemlisha zaidi ya nusu anahesabiwa katika familia yako, japo kwenye fomu yake mwenyewe wewe si mzazi wake. Fedha unazotuma nyumbani kila mwezi hazina kisanduku. Kama ni nyingi, eleza kwa barua kwenye chuo.

Orodhesheni vyuo, hadi 20, na chuo cha jamii (community college) cha karibu kiwemo hata kama mtoto anaota chuo kikubwa. Kisha kila mmoja asaini sehemu yake. Fomu isiyosainiwa na mzazi hukaa tu pale kama haikutumwa, na mtoto atakuambia "nilishamaliza" akiamini anasema kweli. Mwambie akuonyeshe ukurasa wa uthibitisho.

Baada ya kutuma

Ndani ya siku chache huja muhtasari wenye namba iitwayo SAI, inayopima uwezo wa familia kulipia chuo, na inayoweza kushuka hadi -1500. Ikiwa ndogo, ndivyo mtoto anavyostahili zaidi. Pell Grant, ruzuku isiyorudishwa, ilikuwa hadi dola 7,395 kwa mwaka wa 2025–26. Chuo kinaweza kumchagua mtoto kwa uhakiki na kudai karatasi. Barua hiyo huenda kwenye barua pepe ya mtoto, kwa hiyo muulize kila wiki.

Barua ya msaada ikifika, chukua kalamu. Zungushia ruzuku peke yake, mikopo peke yake, kazi ya chuoni peke yake. Barua nyingi hujumlisha vyote pamoja, na mzazi hufurahi kuona dola 18,000 kumbe nusu ni deni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi huruhusiwa kukopa kwa jina lake hadi dola 5,500, ambapo zisizozidi 3,500 serikali hulipia riba akiwa masomoni. Mkopo wa mzazi ni wako wewe, si wake. Anayeogopa deni, au ambaye dini yake inamkataza riba, anaweza kukubali ruzuku na kukataa mkopo bila kupoteza ruzuku.

Jambo la mwisho huwakuta wazazi bila taarifa. Mtoto akianza chuo, kwa sheria ya FERPA ya mwaka 1974 rekodi za masomo ni zake. Ukipiga simu kuuliza karo au alama, watakujibu kwa upole kwamba hawawezi kusema. Muombe asaini fomu ya ruhusa kwenye ofisi ya usajili, Agosti, kabla hajazoea uhuru. Na FAFSA hujazwa tena kila mwaka, pamoja na ridhaa yako, mpaka atakapomaliza.