Umehamia Dar? Hivi ndo utaanza kuila raha yake kabla haijakushinda

Mi ni mtu wa Njombe. Nilikuja Dar na begi moja, gunia la viazi la kumpelekea shangazi, na blanketi zito lile la kwetu ambalo mama alikataa katakata niliache. Nikashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa nne usiku, mwezi wa pili, sweta bado liko mwilini, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi. Konda akaniangalia akacheka, akaniambia "kaka vua hilo sweta, huku sio Makambako".

Huu ni mwaka wa sita sasa na kila mwaka kuna ndugu au rafiki anahamia, na wiki ya tatu tu ananipigia simu anasema Dar imemshinda, joto, foleni, watu hawasalimiani. Namuuliza umeshafika wapi na wapi? Ananijibu kazini. Na wapi tena? Kimya. Sasa kama Dar unayoijua ni kitanda, foleni na ofisi utaipendea nini? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 hapa, huwezi kuliingia jiji la hivyo lote kwa mkupuo, linaliwa kwa mafungu kama dagaa. Kwa hiyo hii naandika kwa ajili ya wale wanaonipigia simu, na wewe kama ndo umefika juzi.

Nyumba kwanza, na hapa usiwe na haraka

Watu wanadhani raha ya mjini inaanzia beach. Inaanzia unapolala. Ukikosea mtaa, kila siku unarudi nyumbani saa tatu usiku umechakaa, raha utaitolea wapi. Usiangalie kodi peke yake. Chumba cha elfu hamsini Chanika wakati kazi iko Masaki sio rahisi hata kidogo, hesabu nauli za kwenda na kurudi mara siku ishirini na sita, alafu weka na masaa.

Mi namshauri kila mtu afanye hivi: kabla hujalipa, nenda ukalale kwa jamaa yako yeyote karibu na huo mtaa siku moja, asubuhi saa kumi na mbili simama kituoni, panda gari kama vile unaenda kazini. Siku moja tu hiyo itakwambia ukweli wote ambao dalali hatakwambia. Kama upo njia ya Morogoro Road kuna mwendokasi, yale mabasi yalianza 2016 na yana njia yake peke yake, foleni ya magari mengine unaipita unaiangalia dirishani, ila asubuhi yanajaa kwelikweli kwa hiyo jipange mapema.

Alafu muulize mama wa genge, sio dalali: masika maji yanafika wapi? Na usiishie kuuliza, angalia ukuta kwa nje, kama kuna mstari wa tope umekauka usawa wa goti, we aga vizuri uondoke. Uliza LUKU ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine, maana mita ya kuchangia ndo chanzo cha ugomvi wa nyumba nyingi sana za kupanga, mmoja ana friji mwingine ana taa moja na mnalipa sawa. Uliza maji. Mi chumba changu cha kwanza dalali aliniambia "maji ndani", nikaona bomba, nikaridhika, nikalipa miezi sita na kodi ya mwezi mmoja ya kwake yeye. Bomba lilikuwepo kweli. Maji yalikuwa yanatoka Jumanne usiku. Sikuuliza kama yanatoka, niliuliza kama yapo, kosa langu mwenyewe.

Ukishahamia, wiki ya kwanza nenda serikali ya mtaa jitambulishe. Kuna siku utataka barua ya utambulisho, ya benki au ya NIDA au ya kazi, na mwenyekiti akiwa hakujui utazungushwa.

Na nunua feni kabla ya kitanda, siongezi neno hapo.

Tafuta kijiwe

Hili ndo kubwa kuliko yote na watu wanalipuuza. Mtu wa mkoani amezoea akipita njiani anasalimiwa na watu ishirini, akifika huku wiki nzima hakuna anayemwita jina, anaona mji una roho mbaya. Mji hauna roho mbaya, haukujui tu. Chagua sehemu tatu za mtaani kwako uwe unaenda hizo hizo kila siku: duka la Mangi moja, mama ntilie mmoja, na kijiwe kimoja cha kahawa. Usihamehame. Baada ya mwezi Mangi anakukopesha unga, mama ntilie anakuwekea ukoko bila kumwambia, na ukipotea siku mbili kuna mtu anauliza yule kijana yuko wapi.

Kijiwe changu kiko Magomeni. Mzee wa kahawa anakuja baada ya magharibi, birika lake liko juu ya mkaa, vikombe vidogo anavigonganisha kwenye vidole mpaka unavisikia toka mtaa wa pili, kahawa chungu na kashata ya karanga. Siku ya kwanza nilikaa pembeni kimya. Mmoja akanigeukia, "we Simba au Yanga?" na nakwambia hilo swali huku ni kama kuulizwa dini. Nikajibu mi Njombe Mji. Walicheka mpaka mzee mwenyewe akaweka birika chini, maana Njombe Mji ilipanda ligi kuu msimu wa 2017/18 na ikashuka msimu huohuo, mtu mmoja akasema "kumbe yule shabiki yupo!" Toka siku hiyo naitwa Njombe, jina langu la kweli nadhani wanalijua wawili. Nilipougua malaria walionipeleka hospitali ni hao, sio wa kazini.

Kama hupendi kahawa kuna kanisa, msikiti, jumuiya, kwaya, kikoba cha kina mama, mpira wa jioni, watu wa nyumbani wanaokutana mara moja kwa mwezi. Hao wa nyumbani ni wazuri ila usikae nao wao tu, utajikuta umekuja Dar kuishi Njombe.

Jumamosi ya kwanza nenda Feri

Usianze na sehemu za bei mbaya. Toa msimbazi mmoja, ile noti nyekundu ya elfu kumi, iwe ndo bajeti yako ya raha ya wiki, na ukitoka nayo Jumamosi alfajiri inatosha kabisa.

Soko la samaki la Feri lifike saa kumi na mbili hivi asubuhi. Vaa ndala au buti, sio raba nyeupe, chini maji matupu. Utakuta samaki wamemwagwa mezani kwa mafungu, changu, vibua, nguru, ngisi, pweza bado anateleza, na mnadishaji anataja bei haraka mpaka unadhani anaimba. Usiingie mnadani siku ya kwanza, wale ni wachuuzi na mafungu ni makubwa. Mi nilisimama nikaangalia minada mitatu sielewi nani kanunua nini, mama mmoja mkaanga samaki akaniambia "ukitaka wa kula nyumbani subiri wenyewe wagawane". Nikasubiri. Akinunua mchuuzi anaugawa pale pale, hapo ndo unapata wako wanne watano kwa bei ya maana. Siku hizi tunaenda watatu wa nyumba moja, tunachukua fungu zima tunagawana. Kuna vijana wanapara samaki, unawalipa kidogo, unarudi nyumbani na samaki wa kuosha tu na kutia chumvi na ndimu.

Ila kabla hujarudi, hatua chache tu kutoka hapo kuna pantoni ya Kigamboni. Nauli shilingi 200, unalipia kwa ile N-Card, kadi ya kuwekea hela ya nauli. Panda hata kama huna shughuli ng'ambo! Usikae ndani na magari, panda juu, simama upande wa mjini, muda ni mfupi sana, dakika chache tu, ila upepo wa bahari unakupiga, maghorofa ya Posta yanarudi nyuma polepole, meli za mizigo zinaingia bandarini kubwa kama kilima, pembeni yako mtu ana kuku kwenye kikapu na mwingine kavaa suti. Mi mara ya kwanza nilivuka nikarudi nikavuka tena. Sh 800 hiyo jumla ukivuka mara nne, kwenda na kurudi mara mbili, nani atakuuzia raha ya hivyo kwa jero na mia tatu.

Ukishuka ng'ambo unaweza kuchukua bajaji mpaka fukwe za Mjimwema, kumetulia kuliko ufukwe wa Coco. Ila Coco nayo nenda, Jumapili jioni, kuna mihogo ya kukaanga na chachandu, mishikaki, madafu, watoto wanalia hawataki kutoka majini. Tena ukitaka kutembea kwa miguu pita Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, jioni kuna watu kibao wanakimbia na wengine wanajifanya wanakimbia huku wanapiga selfi.

Hizi nyingine nazitaja harakaharaka

Kariakoo nenda asubuhi na usiende na haraka wala na hela yote. Jina lenyewe limetoka kwenye Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza vita ya kwanza ya dunia, na mpaka leo ukiona vijana wanavyobeba mizigo pale unaona jina halijapotea. Mitaa ina vitu vyake, simu na makolokolo yake Aggrey, nguo Kongo. Bei ya kwanza sio bei, sema "mwisho ngapi?", ondoka taratibu, utaitwa. Na yeyote anayekufuata njiani na simu nzuri ya bei ya kutupa, endelea kutembea, wengi wamefika nyumbani wakafungua boksi wakakuta kipande cha sabuni.

Mpira. Simba na Yanga wakicheza kwa Mkapa, chukua tiketi ya mzunguko, ndo ya bei ya chini, nenda mapema. Uwanja wa watu 60,000 ukipiga kelele kwa pamoja unaisikia kifuani. Hata kama sio shabiki. Mi bado Njombe Mji.

Siku ya mvua nenda Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, kuna fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, ambalo wote tulilisoma darasani tukadhani hatutaliona. Ukitoka kuna bustani ya mimea karibu, ina kivuli. Nafasi Art Space Mikocheni nako wanachora, kuna siku wana muziki na maonyesho, angalia ratiba yao kabla.

Kisiwa cha Mbudya ni cha kuwekea akiba kwanza. Boti zinatokea Kunduchi, kuna na kiingilio maana ni hifadhi ya bahari, mkienda kundi gharama inashuka. Samaki wanakaangwa hukohuko, ila maji ya kunywa beba.

Na ukiuchoka mji kabisa, treni ya SGR imeanza Juni 2024, Morogoro ni chini ya masaa mawili na daraja la kawaida ni 13,000. Unaenda kuiangalia milima ya Uluguru, unakula nyama choma, jioni umerudi. Kwa siye wa Njombe haitusaidii kwenda nyumbani, ila kupumua inatosha.

Ya kukwepa machache tu: simu usiichezee karibu na dirisha la daladala gari likisimama kwenye foleni, bodaboda patana bei kabla ya kupanda, na hela ya kodi usimpe mtu ambaye hujamuona akiwa na mwenye nyumba. Na usijilinganishe na watu wa kwenye simu wanaokula Masaki kila Ijumaa. Jioni kuna supu ya pweza ya kisahani mtaani, inatosha na hukopi.

Kuhusu blanketi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawacheka wenyeji, mwezi wa saba mtu amevaa koti anasema "leo baridi", nikawa nawaambia njooni Njombe mwezi wa sita mjue baridi. Mwaka juzi mwezi wa saba, saa kumi alfajiri, nimejikuta nimefungua begi natafuta lile blanketi la mama, nikazima na feni. Kijiweni sijawaambia. Kwa hiyo njoo nalo, ila lete jembamba.