Ukiamua kurudi kwenye jinsia ya kuzaliwa: mwili, kiwewe na imani

Anza na daktari, halafu mchungaji. Nasema hivi nikiwa mtu wa maombi. Nilipoamua kuacha testosteroni, homoni ya kiume niliyoitumia ingawa nilizaliwa mwanamke, ndugu kanisani walitaka tuanze mfungo siku ileile. Niliwashukuru, nikaenda kwanza kupima damu.

Mweleze daktari umetumia homoni gani, kipimo gani, na umefanyiwa upasuaji upi. Swali kubwa ni kama ovari au korodani bado zipo. Kama zipo, kwa kawaida mwili huanza tena kutengeneza homoni zake, na hedhi mara nyingi hurudi baada ya miezi michache. Kama zimeondolewa, usiache homoni kienyeji: mwili usio na homoni yoyote ya jinsia hupoteza uimara wa mifupa, kwa hiyo daktari atakupangia nyingine. Na dada yangu, yai hutoka kabla ya hedhi, kwa hiyo mimba inaweza kuingia hata kabla hujaona damu. Hili wengi hawaambiwi.

Mafuta na misuli hubadilika taratibu. Sauti iliyoshuka haipandi yenyewe, kwa sababu nyuzi zake zimeshanenepa. Ndevu nazo hubaki, ingawa zinaweza kuondolewa kwa leza au kwa umeme. Kwa mwanamume aliyetumia estrojeni, yaani homoni ya kike, matiti yaliyoota hayaondoki bila upasuaji. Yaombolezee yasiyorudi, huku ukitafuta namna ya kuishi nayo. Mimi niliimba soprano tangu utotoni. Niliporudi kwaya, mwalimu alinisikiliza mstari mmoja, akavuta kiti katikati ya watu wa tenori, akanikabidhi daftari la nyimbo. Hakuuliza kitu. Naimba tenori mpaka leo, nimevaa sare ya akina mama.

Sasa kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na mabaya yaliyokupata. Kuacha homoni hakuponyi yaliyokupata utotoni, kama ambavyo kuzianza hakukuyaponya kwangu. Nasema kwangu, maana wapo wengi waliobadili jinsia wakaridhika, na safari yangu si hukumu yao. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia kadhaa kwa watu wazima wenye msongo unaofuata kiwewe, zikiwemo hizi mbili: tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, ambayo unazungumza na mtaalamu ili kubadili fikra na mienendo iliyotokana na tukio, na ile ya EMDR, ambayo unakumbuka tukio kidogo kidogo huku macho yakifuata mwendo wa mkono wa mtaalamu. Usikubali kusimulia yote siku ya kwanza. Mtaalamu anayejua kazi hukufundisha kwanza kujituliza: kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, kutaja kwa sauti vitu unavyoviona chumbani. Muulize hivi kabla hujaanza: "Nikisema tusimame, utafanya nini?" Akisitasita, tafuta mwingine. Na asiwe na jibu lake tayari kuhusu uwe nani.

Kwenye imani ndiko nilikopata faraja kubwa, na ndiko nilikoumizwa tena. Soma habari za Hana katika Samweli wa Kwanza: aliomba midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Mtumishi wa Mungu alimwona mtu mwenye uchungu, akamsoma vibaya. Hana hakukimbia hekaluni. Alimjibu kwa heshima, akamweleza ukweli. Nawe unaruhusiwa kumwambia mchungaji, "Baba, sina pepo, nina jeraha." Ukikosa maneno ya kuomba, ipo Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila kulazimisha furaha.

Watakuja kukuomba ushuhuda, tena na picha zako za zamani ziwekwe kwenye skrini. Kataa mpaka uweze kuusimulia bila mwili kutetemeka, na hata hapo una haki ya kukataa milele. Usikubali simulizi yako igeuzwe fimbo ya kuwachapia wengine. Msamaha nao haumaanishi kukaa meza moja na aliyekudhuru. Waweza kumsamehe na bado ukamshtaki polisi.

Chagua watu wawili tu wa kujua kila kitu, na mmoja wao asiwe wa kanisani. Mawazo ya kujiua yakikujia, mpigie mmoja wao papo hapo akupeleke hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Maombi mtaendelea nayo njiani.